Usukani Unapotikisika kwenye Mteremko: Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Mpanda baiskeli ya mbio anayelalamika kwamba sehemu ya mbele "inacheza" anaposhuka kilima kwa kasi huwa anaeleza mojawapo ya matatizo matatu yasiyofanana, na fundi asiyemhoji vya kutosha huishia kukaza nati ambazo hazikuwa na kosa lolote. La kwanza ni mtikisiko wenyewe: usukani huanza kupiga kulia na kushoto kwa haraka, kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde, mara nyingi mwendo ukishavuka kilomita 40 kwa saa, na ndani ya muda mfupi mtikisiko hukua mpaka fremu nzima ikawa inajinyonga chini ya mpandaji. La pili ni kuyumba taratibu, ambako baiskeli haitaki kushika mstari na mpandaji hulazimika kuirekebisha kila baada ya mita chache, hata kwenye mwendo mdogo. La tatu ni kutetemeka kunakotokea pale tu breki ya mbele inapobanwa, na kukoma mara breki inapoachiwa. Kabla ya kushika spana, amua kwanza ni lipi kati ya hayo limekupata.

Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni tambarare. Miteremko tuliyo nayo, kama ile ya Kimara kuelekea Ubungo, ya Goba, au ya vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, ni mifupi au imejaa magari na matuta kiasi kwamba mtu anaweza kuendesha baiskeli yake kwa miaka bila kufikia mwendo unaofichua tatizo. Ndiyo maana wengi hukutana nalo kwa mara ya kwanza wakiwa safarini, kwa mfano wanaposhuka kwenda Mombo kutoka Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nao hudhani kwamba baiskeli imeharibikia njiani, ilhali ilikuwa hivyo hivyo tangu iliponunuliwa.

Likikukuta barabarani

Jambo la kwanza ni kuacha kupambana na usukani. Aliyeshtuka hukakamaza mikono, na mikono iliyokakamaa hurudisha kila pigo kwenye uma wa mbele, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, badala ya kulimeza. Legeza viwiko, shika usukani kwa uthabiti bila kuukaba, acha kupiga pedali na uziweke zote mbili katika kimo kimoja, kisha bana bomba la juu la fremu kwa magoti mawili, au hata kwa goti moja ikiwa hayafiki yote. Papo hapo inua makalio kidogo, kiasi cha kukiondolea kiti uzito bila kusimama wima, na uzito huo uuhamishie kwenye pedali. Baada ya hapo punguza mwendo ukianza na breki ya nyuma, kwa kubana polepole na kwa mfululizo. Kuikamata ghafla breki ya mbele wakati gurudumu linapiga huku na huku ni kutafuta kuanguka.

Kumbuka vizuri kilichotokea magoti yalipogusa fremu, kwa kuwa hatua hiyo, mbali na kukuokoa, ni kipimo. Mtikisiko ukifa palepale, unajua kwamba ulipata tatizo la kwanza kati ya yale matatu, yaani mtikisiko unaoihusisha fremu nzima na mwili wako. Kama haukubadilika hata kidogo, elekeza macho kwenye gurudumu, breki au barabara yenyewe.

Kinachotokea ndani ya baiskeli

Ukiurefusha kwa mawazo mstari wa shingo ya baiskeli, yaani mahali uma unapoingia kwenye fremu, utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapoikanyaga. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, ambao kwa baiskeli nyingi za mbio ni milimita 55 hadi 60, ndio unaolifanya gurudumu lirudi katikati lenyewe linaposukumwa kando. Lakini kila linaporudi hupitiliza kidogo; kwa kupitiliza huko fremu nayo hujinyonga upande mmoja, huku uzito wa mpandaji uliotulia juu ya kiti ukiwa egemeo lake; na fremu inapojinyongoa huusukuma usukani upande wa pili. Katika mwendo mdogo nguvu hiyo hupotea kwenye raba ya tairi, kwenye grisi na kwenye nyama ya mikono. Mwendo ukiongezeka, kinachoingia katika kila pigo huzidi kinachopotea, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi, na ndipo usukani unapoanza kukukataa.

Nalisisitiza hili kwa sababu maelezo yanayosikika zaidi vijiweni, kwamba usukani ukitikisika basi lazima kuna kitu kimelegea, ni ya kweli nusu tu. Baiskeli iliyokazwa sawasawa, yenye ringi zilizonyooka na fremu isiyopinda, inaweza kutikisika vibaya ikiwa fremu ni ndefu na laini na mpandaji amekaa juu ya kiti kama mzigo. Sehemu iliyolegea huuchochea mtikisiko na kuufanya uanze katika mwendo mdogo zaidi, lakini mara nyingi si yenyewe iliyouzaa. Ukaguzi wa sehemu ufanyike kwanza kwa kuwa ni rahisi na hauna gharama, lakini usishangae kama hautamaliza kazi.

Beringi za shingo

Hapa ndipo pa kuanzia, na hapa kwetu pana sababu ya ziada, kwani hewa ya chumvi ya pwani na tabia ya kuosha baiskeli kwa mpira wa maji wenye presha hula beringi za shingo mapema kuliko mtu anavyotarajia.

Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, weka vidole vya mkono mwingine pale kikombe cha beringi kinapokutana na uma, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mgongano mdogo chini ya vidole, shingo imelegea. Breki nyingine zina uwazi wake unaoweza kukudanganya, kwa hiyo geuza gurudumu litazame pembeni kabisa na urudie. Mgongano ukibaki, hauna tena cha kusingizia. Njia nyingine ni kuinua sehemu ya mbele sentimita chache na kuiachia idunde: shingo iliyokazwa hutoa mlio mmoja mzito, iliyolegea hugongagonga.

Katika baiskeli za kisasa, ambazo stemu yake, yaani kipande kinachounganisha usukani na uma, hubana bomba la uma kwa nje, watu wengi hukaza boliti ya juu kwa nguvu zote bila kulegeza kwanza zile za ubavuni, na wanapoona tatizo limebaki husema beringi zimekufa. Utaratibu ni huu: legeza boliti za ubavuni za stemu, kaza ile ya juu kidogo kidogo kwa alenki mpaka mgongano upotee, hakikisha usukani unageuka kwa wepesi, kisha kaza za ubavuni, ambazo kwa kawaida huhitaji nguvu ya takriban Nm (nyutoni-mita) 5, soma kilichoandikwa kwenye stemu yenyewe. Baiskeli za zamani zenye uzi kwenye bomba la uma hurekebishwa kwa kushika kikombe kwa spana nyembamba, mara nyingi ya milimita 32, huku nati ya juu ikikazwa dhidi yake.

Kipimo cha pili cha shingo wengi hukiruka. Inua gurudumu la mbele, kisha geuza usukani taratibu mno, kwa kidole kimoja, kutoka kulia kwenda kushoto. Pale katikati, gurudumu linapotazama mbele moja kwa moja, unaweza kuhisi usukani ukitumbukia mahali na kutaka kubaki hapo. Ukifungua beringi hizo utakuta grisi imegeuka tope la rangi ya kutu, na juu ya njia ya goroli kuna vidoa vilivyopangana, kimoja kwa kila goroli, vilivyochimbwa na miaka ya kwenda mbele moja kwa moja. Beringi za namna hii hazileti sana mtikisiko wa kasi. Zinaleta kuyumba taratibu, yaani tatizo la pili, kwa sababu usukani hauwezi tena kufanya yale marekebisho madogo yanayoiweka baiskeli wima. Shingo iliyokazwa kupita kiasi huleta dalili hiyo hiyo. Kuongeza grisi juu ya vidoa hakusaidii kitu. Beringi zibadilishwe, na vikombe navyo kama vimechimbika.

Gurudumu la mbele

Shika ringi karibu na uma na uisukume kulia na kushoto. Ikicheza, koni zinazobana beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelegea au wenzo wa kubania gurudumu haujafungwa vizuri; wenzo sahihi huacha alama kwenye kiganja unapoufunga. Zungusha gurudumu na utazame ringi inavyopita kati ya raba za breki. Ikipinda kwa zaidi ya milimita moja hivi, inyooshwe. Halafu bana spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima, kwa kuwa ringi inaweza kuwa imenyooka huku spoki zote zikiwa legevu, na gurudumu la aina hiyo hujipinda kando kila linapobebeshwa uzito.

Tairi nalo likaguliwe. Karibu na ukingo wa ringi kuna mstari mwembamba uliochorwa kwenye raba ya tairi, nao unapaswa kuonekana kwa kimo kimoja kuzunguka gurudumu lote. Ukizama mahali fulani, tairi halijakaa na litadunda. Kuhusu upepo, tairi la mbele la milimita 25 kwa mtu wa kilo 70 halihitaji kuzidi psi 80 au 85. Wanaojaziwa kwenye gereji za magari bila geji, kwa kipimo cha kubonyeza kwa dole gumba, mara nyingi huondoka na tairi gumu kama jiwe linalopeleka kila kokoto kwenye usukani.

Usawa wa uzito wa gurudumu hudharauliwa na wengi, pengine kwa kuwa katika gari hupimwa kwa mashine na katika baiskeli haupimwi kabisa. Tairi la kawaida la baiskeli ya mbio lina mzingo wa takriban mita 2.1. Katika mwendo wa kilomita 45 kwa saa unasafiri mita 12.5 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka karibu mara 6 kwa sekunde. Kwa kilomita 60, karibu mara 8. Idadi hizo zinaangukia ndani kabisa ya ile kati ya 4 na 10 tuliyoitaja, na maana yake ni kwamba kizito kilicho upande mmoja wa ringi kinaweza kuugonga mtikisiko kwa wakati ule ule unaoukuza. Inua gurudumu, lizungushe taratibu na uliache litulie lenyewe. Likirudi kila mara na sehemu ile ile chini, hapo ndipo penye uzito: mara nyingi ni valvu ndefu, maungio ya ringi, au rifleta iliyofungwa kwenye spoki. Rifleta ihamishiwe upande wa pili wa kile kizito, na kama hiyo haitoshi, kipande kidogo cha risasi kilichozungushiwa kwenye spoki na kufungwa kwa utepe kinamaliza kazi.

Uma na fremu

Baiskeli nyingi za mbio zinazouzwa hapa jijini ni za mtumba, na ya mtumba ina historia usiyoijua. Safisha uma kwa kitambaa, kisha upite kwa tochi pale mikono yake miwili inapoungana juu na pale bomba lake linapoingia kwenye shingo. Kwa chuma, tafuta mstari wa kutu unaojitokeza kwenye rangi, au rangi iliyokunjamana nyuma ya shingo, ambayo ni dalili kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu uso kwa uso. Kwa kaboni, gonga kwa ncha ya sarafu kutoka juu kwenda chini. Mlio unaobadilika ghafla na kuwa wa kufifia una maana kwamba tabaka za ndani zimeachana. Uma wenye ufa hauchomelewi wala haufungwi kwa utepe. Unatupwa, na bei uliyonunulia baiskeli haihusiki katika uamuzi huo.

Tatizo la siri zaidi ni uma usio wa fremu hiyo. Uma wa awali ulipovunjika, mtu aliweka mwingine uliopatikana, unaoingia vizuri na kupendeza machoni, lakini ambao ekseli yake imesogezwa mbele kwa kiasi tofauti. Kwa shingo yenye pembe ya nyuzi 73, uma unaosogeza ekseli milimita 45 huacha ule umbali wa nyuma ya mstari wa shingo ukiwa karibu milimita 56, ule wa milimita 50 huupunguza hadi karibu 50, na ule wa 40 huuongeza hadi karibu 61. Tofauti inaonekana ndogo, lakini hubadilisha tabia ya usukani kiasi cha kuhisiwa na mtu yeyote, na kama fremu ilikuwa tayari karibu na mpaka wa kutikisika, inaweza kuivusha. Tazama kama rangi ya uma inalingana na ya fremu. Ikiwa hailingani, uliza.

Halafu kuna ukubwa. Fremu kubwa, tuseme za sentimita 58 kwenda juu, zina mabomba marefu yanayojinyonga kwa urahisi, na kwa kuwa kwenye mtumba mtu huchukua kilichopo, utamwona kijana wa kimo cha wastani juu ya fremu ya mtu mrefu, kiti kimeshushwa hadi mwisho na stemu fupi kuliko zote. Huyo ana fremu laini kupita haja yake na uzito mdogo mno kwenye gurudumu la mbele, na hakuna spana itakayomsaidia.

Mzigo na mkao

Kutoka hapo tunafika kwenye chanzo ninachokiona mara nyingi kuliko vyote, nacho ni mpandaji. Anayeshuka akiwa ameketi wima, mikono juu ya usukani, makalio yamerudi nyuma na magoti yamepanuliwa, ameiachia fremu nafasi yote ya kucheza. Shika sehemu za chini za usukani ili kifua kishuke na uzito uende mbele, leta magoti karibu na bomba la juu kabla mwendo haujakua, na beba sehemu ya uzito wako kwenye pedali. Mwenye kiti kilichorudishwa nyuma kabisa kwenye reli zake akisogeze mbele kidogo, alimradi magoti yasilalamike.

Mzigo wa nyuma ni mbaya zaidi kuliko unavyoonekana. Begi zito lililofungwa juu ya keria, nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, huitikisa baiskeli kwa kuanzia mkiani, na mtikisiko hufika kwenye usukani ukionekana kama tatizo la mbele. Punguza, shusha chini na sogeza mbele chochote unachoweza, na kaza kamba mpaka mzigo usiweze kusogezwa kwa mkono. Mkoba unaoning'inia kwenye usukani uondolewe kabisa wakati wa majaribio.

Wanaopanda milimani waongeze jambo moja ambalo huku pwani hatulifikirii: baridi. Mtu anayeondoka Lushoto alfajiri ya mwezi Julai kwa fulana nyepesi atatetemeka mwili, na mikono inayotetemeka inatosha kuuanzisha mtikisiko. Koti jepesi la kukinga upepo hapo ni sehemu ya matengenezo.

Upepo, lami na breki

Haya hayahitaji maneno mengi. Upepo wa ubavuni unaoingia kwa vishindo, hasa pale unapotoka nyuma ya ukuta au lori na kuibukia uwanda, au unapovuka Daraja la Nyerere kuelekea Kigamboni, husukuma gurudumu lenye ringi pana mara moja kwa kila kishindo. Mtikisiko halisi hujirudia wenyewe. Mabonde yaliyochimbwa na matairi ya malori kwenye lami nayo huuvuta usukani upande mmoja, na tiba yake ni kubadili mstari. Na kama tatizo ni lile la tatu, la breki pekee, angalia shingo kwanza, kisha mafuta au mchanga kwenye ringi, kisha maungio ya ringi yaliyotokeza, na kwa breki za diski, sahani iliyopinda.

Kupima baada ya marekebisho

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia. Chagua mteremko ulionyooka, wenye nafasi ya kutosha ya kusimama chini yake na usio na matuta, nenda asubuhi ya Jumapili kabla magari hayajaamka, na uanze kwa mwendo ulio chini ya ule uliokuletea tatizo, ukiongeza kilomita 5 kwa saa katika kila mshuko huku magoti yakiwa tayari kubana. Andika mwendo ambao usukani ulianza kujionyesha. Kama baada ya kurekebisha shingo, gurudumu, upepo wa matairi na mkao mwendo huo umepanda kutoka 45 hadi 60, umepata faida kubwa, hata kama mtikisiko haujatoweka kabisa. Kama haujasogea, matumizi ya fedha yaanze na uma: wa kipimo kile kile fremu ilichotengenezewa, mgumu zaidi wa kujipinda kando, na wenye beringi mpya juu na chini. Fremu ya ukubwa wako ndiyo ya mwisho kununua, ingawa kwa aliyechukua ya sentimita 60 akiwa na kimo cha mita 1.70, ilistahili kuwa ya kwanza.